HORI LILIKUWA NDANI YA NYUMBA

Somo: Luka 2:1-7



Juma hili watoto wa Ekodim hapa Koni wamejenga Bethlehemu kwa ajili ya Noeli. Nyumba ni za makartoni yaliyopakwa udongo mwekundu. Watu wamefinyangwa kwa udongo, urefu wa kidole, nao wamepakwa rangi: Maria, Yosefu, wachungaji. Zizi tuliliweka pembeni, mbali na nyumba zote, kama tulivyozoea kuona katika picha.

Mtoto mmoja akaniuliza: “Papa Pasta, Yosefu hakuwa na ndugu katika mji huu?”

Nilikosa jibu, nikarudi kwenye Maandiko. Luka hataji zizi; anataja hori tu. Pale tunaposoma “nyumba ya wageni”, neno lake la Kigiriki ni lile la Luka 22:11, yaani chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu. Nyumba ya wageni ya yule Msamaria, Luka 10:34, ina neno lingine. Tena 1 Samweli 28:24 inatuonyesha mwanamke aliyekuwa na ndama nyumbani mwake. Basi inawezekana kabisa kwamba chumba cha wageni kilijaa, na wenyeji wakasogea, wakawapa nafasi pale walipolala wenyewe, karibu na wanyama. Yosefu alikuwa wa ukoo wa Daudi. Alifika kwao.

Hapo moyo ulinichoma. Mwaka jana binti mmoja wa kanisa letu alipata mimba kabla ya ndoa. Wazazi wake wakaniuliza wafanye nini. Nikasema: mpelekeni mbali mpaka azae, kanisa lisipate haya. Mimi mchungaji nilimjengea zizi pembeni. Alizaa kati ya watu wasiomjua. Juma hili nimekwenda kwa wazazi hao kuomba msamaha, na kesho tunakwenda pamoja kumrudisha yeye na mtoto wake.

Watoto nao wameondoa zizi. Wamekata ukuta wa nyumba moja ili tuone ndani, wakaweka hori kati ya baba, mama, nkambo na mbuzi wao.

Ndugu msikilizaji, nani umemweka pembeni? Usingoje chumba cha wageni kiwe wazi. Sogea, umpe nafasi pale unapolala wewe.

Tuombe. Baba, utusamehe wale tuliowafukuza kwa jina lako. Utupe ujasiri wa kuwafuata. Kwa jina la Yesu, amina.