Kabla Hujamwachia Fundi Kompyuta Yako
Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Buigiri, Wilaya ya Chamwino



Mtu akiuziwa mbegu mbovu, kijiji kizima hujua, kwa kuwa shamba huonekana kutoka barabarani. Mtu akidanganywa na fundi wa kompyuta, mara nyingi hata yeye mwenyewe hajui. Na akijua, huona aibu kusema. Kwa sababu hiyo tutaanza na kisa cha mmoja wetu, ili aibu hiyo tuanze kuibeba sisi.

Mwenzetu huyo alikuwa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Kompyuta yake mpakato ilikuwa inachelewa kuwaka, akaipeleka katika duka moja mjini na kuambiwa arudi jioni. Alipolipa shilingi 45,000 alielezwa kuwa amewekewa "Windows mpya, orijino, na kinga ya virusi ya mwaka mzima". Hakupewa risiti, naye hakuiomba. Baada ya miezi sita hivi, mandhari ya kioo iligeuka nyeusi, na pembeni yakatokea maandishi ya kudai Windows ithibitishwe. Rafiki yake alipoikagua akakuta ramu ya GB 4 mahali palipokuwa na GB 8. Mwenzetu alirudi dukani kwa hasira. Fundi alimuuliza kwa upole: "Una uthibitisho gani kwamba ulinikabidhi ikiwa na nane?" Hakuwa nao.

Hatusemi kwamba mafundi ni wezi. Wengi ni vijana waaminifu, na baadhi yao tumewaona humu ukumbini. Lakini kazi yao hufanyika ndani ya kasha ambalo mteja halifungui, na mahali pa namna hiyo mlaji hana budi kujilinda kabla kazi haijaanza.

Tuanze na hiyo iliyoitwa orijino. Ukinunua jembe, jembe ni lako. Ukilipia programu ya kompyuta, unalipia ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na maandishi mengine. Anayevunja ufunguo wa programu na kuiuza dukani anauza asichokuwa nacho.

Liko jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, zikauzwa zikiwa na Windows ndani, hubeba ufunguo wa leseni katika ubao wake mkuu. Fundi akiirudishia toleo lilelile, kompyuta huitambua leseni yenyewe mara inapounganishwa na intaneti. Basi fundi anayekutoza fedha za leseni kwa kompyuta ya aina hiyo huenda anakuuzia kitu ambacho tayari kilikuwa chako. Mlipe ujira wa kazi yake, hilo ni haki. Ila muulize leseni hiyo nyingine ni ya nini.

Namna ya kukagua si ngumu. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kisanduku kitatokea. Kikikuonesha tarehe ya ukomo, tena isiyozidi siku 180 mbele, wakati hiyo ni kompyuta yako binafsi na si ya ofisi au chuo, una sababu ya kumwomba fundi maelezo. Kikisema imethibitishwa moja kwa moja, ni dalili njema, ingawa si ushahidi kamili, kwa maana ziko funguo za wizi zinazopita hapo. Na kumbukeni kwamba zana nyingi za kuvunjia funguo hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza. Mlango huo ukishafunguliwa, anayeingia si lazima awe yule uliyemlipa.

Hapa Buigiri tunapaswa kuligusa jambo moja kwa namna ya pekee, kwa kuwa kata hii ina shule ya watoto wasioona. Asiyeona huitumia kompyuta kwa msaada wa programu inayomsomea kilicho kwenye kioo. Mojawapo ni JAWS ya Marekani, ambayo leseni yake ni ghali. Bila leseni hufanya kazi dakika 40, kisha hunyamaza mpaka kompyuta iwashwe upya. Mtu asiyeona anaweza kutozwa fedha nyingi kwa toleo hilo la majaribio, naye atagundua akiwa peke yake, katikati ya barua. Lakini ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na watu ambao wenyewe hawaoni. Hupatikana bure, kihalali, na sauti inayokuja nayo husoma hata Kiswahili. Mzazi au mwalimu akitozwa bei ya leseni ya NVDA, ajue anadanganywa, kwa kuwa leseni hiyo haiuzwi.

Vivyo hivyo kwa kazi za ofisi. Mhasibu wa chama cha wakulima wa zabibu hana haja ya programu ya wizi ili aandike mauzo ya msimu: LibreOffice ni ya bure, na hufungua nyaraka za Word na Excel. Wala si jambo geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure.

Sasa turudi kwenye swali la yule fundi. Kabla ya kuiacha kompyuta, andikeni karatasi mbili zinazofanana, moja ya kwako na moja ya kwake: aina ya kompyuta na namba yake tambulishi, ukubwa wa ramu na wa diski, hali ya betri na chaja, tatizo ulilolieleza, bei, na siku ya kuichukua. Ongeza sentensi moja: diski isifutwe bila idhini yangu. Ipige picha kompyuta yenyewe. Nyaraka zako zinakili kwanza kwenye flashi, na nywila ya barua pepe usimpe fundi. Kikibadilishwa kipuri, omba ukabidhiwe cha zamani. Mwisho dai risiti. Ambaye hajafikia kiwango cha kutumia mashine ya kielektroniki akuandikie ya mkono, yenye jina la duka na maelezo ya kazi. Fundi anayekataa kuandika chochote amekusaidia kuamua.

Ukishakuwa na karatasi hizo, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina mahali pa kushika. Inakataza kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi. Kibandiko cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakifuti haki hiyo. Rudi kwanza dukani, kwa utulivu, na malalamiko yaliyoandikwa. Ikishindikana, yapeleke Tume ya Ushindani, au udai fedha yako Mahakama ya Mwanzo, ambako si lazima uwe na wakili. Ikiwa picha au nyaraka zako zimenakiliwa, hilo ni suala la polisi, na pia la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wengine huogopa: nitalalamikaje na programu yenyewe ni ya wizi? Tutajibu bila kuzunguka. Kama uliambiwa ni halali ukalipia uhalali, wewe ndiye uliyedanganywa, njoo. Kama uliiomba mwenyewe ya wizi ili ulipe kidogo, tutakusikiliza kuhusu ramu iliyopotea, lakini kwa programu hiyo hatuna cha kukudaia.

Kompyuta mlizokuja nazo tutazikagua sasa, kwenye meza zile chini ya mwarobaini. Waliotoka Chinangali watangulie, maana gari lao linaondoka mapema.