Sadaka ya Askari

Mtandao wa Polisi Wanawake Tanzania, ambao wanachama wake huzuru wodi za wazazi na vituo vya kulelea yatima wakichukua sabuni, sukari na taulo za kike, hutenda hisani ipitayo bei ya vitu vyenyewe. Kwani mtoto aliyepokea sukari mkononi mwa askari hataona hofu, siku atakapodhulumiwa, kuliendea Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kupiga simu ya dharura 112. Lakini hisani haiwi badala ya insafu: raia aliyepewa sabuni leo, kesho akifika kituoni na shauri lake, ana haki ya kusikizwa kwa adabu, bila ya kuombwa hata senti moja, na hapo ndipo sadaka hutimia.