Amplifaya Nyepesi na Spika za Nyumbani
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Tunduma)



Kamati za vigango zimekuwa zikituuliza swali moja: je, hizi amplifaya ndogo zinazouzwa madukani, nyepesi kama kitabu cha nyimbo, zinafaa kwa spika za nyumbani ambazo waamini wametoa? Fedha ni za sadaka, hivyo swali linastahili jibu kamili.

Amplifaya ya zamani hufanya kazi kama bomba lililofunguliwa nusu. Transista zake hubana umeme kwa kufuata sauti, na ule uliobanwa hugeuka joto. Ndiyo maana hubeba bamba zito la kupozea. Hizi mpya hufanya kazi kama swichi: transista imewaka kabisa au imezimika kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde. Kinachobadilika ni muda wa kuwaka. Kisha koili na kapasita hulainisha mapigo hayo, na spika hupata sauti ya kawaida. Zikipiga kwa nguvu, takriban asilimia 90 ya umeme hufika kwenye spika. Kwa kigango cha bondeni Momba, kwenye joto na betri moja ya sola, hiyo ni faida kubwa.

Tatizo ni namba za kwenye boksi. Zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu za spika mara mbili. Betri ya volti 12 na spika ya omu 8: wati 9. Spika ya omu 4: wati 18. Hapo ndipo sauti safi inapoishia, hata boksi likiandikwa 200, isipokuwa amplifaya iwe na kifaa cha ndani cha kupandisha volti. Ikikubali volti 24, wati huwa mara nne.

Wati 9 si za kudharau. Spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati moja, ukiwa mita moja. Chumba cha mkutano kinatosheka. Nje chini ya mwembe, hapana: umbali ukizidi mara mbili sauti hushuka desibeli 6, na kuongeza wati mara mbili hurudisha 3 tu. Huko tunashauri spika za honi.

Lingine ni omu. Koili ya amplifaya ya bei nafuu hupangiwa omu fulani. Iliyopangiwa 4 ikipewa spika ya 8, sauti nyembamba huzidi ukali. Kinyume chake, hufifia. Zilizo bora hujirekebisha zenyewe, ila bei yake mnaijua.

Mwambieni fundi asiunganishe nyaya nyeusi za spika mbili pamoja, wala asizifunge kwenye bodi. Katika nyingi ya amplifaya hizi waya mweusi nao hubeba sauti, na zinaweza kuungua papo hapo. Redio ya masafa ya kati nayo iwekwe mbali, maana itavuma.

Mkienda dukani, bebeni spika yenyewe na betri yenyewe. Pigeni nusu saa kwa sauti mtakayotumia kigangoni, ndipo mlipe.