Ruhusa ya Kuutua Mzigo



Kiapo cha ndoa hakijaribiwi na uadui peke yake. Kuna siku mtu mwema na mwenye busara hutuambia kwamba tumefanya ya kutosha, tupumzike. Siku ya namna hiyo iliwahi kuwafikia watu fulani hapa Unyanyembe, Tabora, Oktoba 1873.

Mmisionari na mvumbuzi David Livingstone alikuwa amefariki mwezi Mei kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakashika njia ya pwani. Marehemu halipi ujira wala hatoi shukrani. Walipofika hapa walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike papa hapa. Ulikuwa ushauri wa maana, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari na vijiji vingi viliogopa maiti. Wakakataa.

Mbele ya safari, Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Basi wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wenzao wachache wakayabeba kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Walipofika porini wakayatawanya, wakawafuata wenzao. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukawa kama robota la nguo. Februari 1874 ukafika Bagamoyo.

Ninawajua watu wanaouguza wake au waume waliopigwa na kiharusi, wasioweza tena hata kutamka jina la anayewalisha. Ndugu huja na huruma ya kweli: “Wewe bado kijana, rudi kwenu.” Anayebaki baada ya kuambiwa hivyo amefika pale walipofika Susi na Chuma.

Sisi Wakristo kisa hiki kitunyenyekeze. Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865, lakini Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 tu, akaitwa David. Alipoukataa ushauri wa Cameron hakuwa mwenzetu katika imani. Yesu naye, alipoulizwa jirani ni nani, alimleta Msamaria.

Lakini nisieleweke vibaya. Katika njia hii hii ya misafara walipita watu wengine wenye mizigo mabegani: watumwa, shingoni minyororo. Kwa macho, uvumilivu wao ungeweza kufanana na ule wa wapagazi wa Livingstone. Chuma aliijua tofauti mwilini mwake, maana alikombolewa utumwani katika bonde la mto Shire mwaka 1861. Mwaka 1873 angeweza kuutua mzigo, na asingelaumiwa. Paulo anapowaandikia Wafilipi juu ya Kristo aliyetwaa hali ya mtumwa, anamsema aliyejishusha mwenyewe, wala hakushushwa na mtu.

Kwa hiyo mke anayepigwa, akaenda kwa wazee wa kanisa, akajibiwa kwamba upendo huvumilia yote, hajafundishwa kujitoa. Amerudishiwa mnyororo. Wachungaji na makatekista mlio hapa, kabla hamjamtajia msalaba mwanamke huyo, hakikisheni kwanza kwamba anayo nyumba nyingine ya kulala usiku huo.