Taarifa ya Benki ni Shahidi: Tusibadilishe Maneno Yake Njiani

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa mbele ya wahazini na wajumbe wa kamati za parokia kutoka visiwani na mwambao wa Muleba na Bukoba. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Nimepewa mada ambayo wengine wanaiona ndogo: namna ya kuitoa taarifa ya benki kwenye intaneti na kuiingiza katika lahajedwali, yaani Excel kama wengi wetu tunavyoiita, au katika programu ya uhasibu. Naomba tuitazame kwa makini. Hapa ndipo taarifa nyingi za robo mwaka zinapokwama, na hapa ndipo majina ya watu waaminifu yanapochafuka bila wao kula hata senti moja.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo, tena la kompyuta. Tatizo letu ni kwamba habari zinaweza kupotea humo humo daftarini.

JAMBO HILI NA KISIWA CHA GOZIBA

Goziba ni kata ya wilaya ya Muleba, na ni kisiwa. Kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza na Mazinga, mhazini wa Goziba akitaka kufika tawini anahitaji boti, nauli na hali nzuri ya ziwa. Mhazini wa Bukoba mjini anaweza kurudi benki mchana huo huo kuulizia mstari mmoja usioeleweka. Wa Goziba hawezi. Kwa hiyo huduma ya benki kwa intaneti si anasa kisiwani. Ndilo dirisha lake la benki.

Aidha, fedha za kisiwani zina mwendo wake. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika na michango hupungua. Taarifa ya robo mwaka inafuata kalenda, lakini sadaka ya mvuvi inafuata mwezi wa angani. Muamala ukihama wiki chache tu katika hesabu, mfadhili ataona robo iliyokauka na robo iliyofurika, naye atauliza kulikoni.

Tukumbuke pia kwamba Vodacom ilianzisha M-Pesa hapa nchini Aprili 2008, na mitandao mingine ikafuata. Leo mchango wa mtu wa kisiwani unaweza kupita kwenye simu kabla ya kufika benki. Michango 40 inakusanywa, kisha inahamishiwa benki kwa mkupuo. Benki inaonyesha mstari mmoja tu. Majina ya waliotoa yamebaki katika taarifa ya simu. Hivyo basi mhazini anao mashahidi wawili, na anapaswa kuwasikiliza wote wawili.

KWA NINI FAILI LA PDF LINATUSUMBUA

Mara nyingi benki hutupatia taarifa katika faili la PDF. Aina hii ya faili ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa lengo moja: ukurasa uonekane vilevile katika kila mashine na kila karatasi. Faili hilo linakumbuka kwamba herufi fulani imekaa mahali fulani kwenye ukurasa. Kwa kawaida halijui kwamba hii ni tarehe, na kile ni kiasi cha fedha cha tarehe hiyo. Ndiyo maana ukinakili na kubandika katika lahajedwali, maelezo, kiasi na salio hurundikana katika kisanduku kimoja, au mstari wa maelezo marefu hugawanyika ukawa miwili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukiwa ndani ya huduma ya benki, tafuta kwanza kama kuna faili la CSV au la Excel. Kama halionekani, omba kwa barua. Pakua PDF pia, kwa kuwa ndiyo atakayotaka kuiona mkaguzi, na uitunze bila kuigusa.

MITEGO MITATU YA CSV

CSV ni faili la maandishi matupu ambamo kila kipande hutenganishwa na kinachofuata kwa alama ya mkato. Ni zuri, lakini lina mitego.

Mtego wa kwanza ni mkato wenyewe. Sisi huandika 1,250,000.00. Kama faili halikufunga kiasi hicho ndani ya alama za kunukuu, kompyuta itakiona kama vitu vitatu: 1, kisha 250, kisha 000.00. Ukijumlisha safu ile ya kwanza, milioni moja na robo imekuwa shilingi moja.

Mtego wa pili ni tarehe. Sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani ikiona 05/03 itasoma tarehe 3 Mei, wakati sisi tulimaanisha 5 Machi. Muamala huo umetoka robo ya kwanza na kuingia robo ya pili. Tarehe 13 hadi 31 haziwezi kuwa miezi, basi kompyuta huziacha kama maneno tu, na ukichuja kwa tarehe haziji. Dalili yake ni rahisi kuiona: baadhi ya tarehe zimeegemea kulia na nyingine kushoto.

Mtego wa tatu ni sifuri ya mwanzo. Namba ya simu huanza na 0, na zipo namba za akaunti na za kumbukumbu zinazoanza hivyo hivyo. Lahajedwali hudhani ni hesabu, huitupa sifuri, na namba ndefu sana huzifupisha. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Namba ya kumbukumbu ikiharibika hivyo, hutaweza tena kuilinganisha na vocha.

Dawa ya mitego hii ni moja. Usilifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Fungua kwanza lahajedwali tupu, kisha liagize faili humo, nalo litakuuliza kila safu ni ya nini. Namba za simu, akaunti na kumbukumbu zitaje kuwa ni maandishi. Tarehe itaje kuwa ni siku, mwezi, mwaka.

KOSA LISILOPIGA KELELE

Ndugu zangu, ubaya wa makosa haya ni kwamba kompyuta haisemi kitu. Msidhani ni balaa la visiwani tu. Mwezi Oktoba 2020 ilitangazwa huko Uingereza kwamba watu 15,841 waliokutwa na virusi vya Korona hawakuingia katika takwimu zilizotolewa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Chanzo kilikuwa mafaili ya matokeo kuingizwa katika aina ya zamani ya lahajedwali, isiyoweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Yaliyozidi yaliachwa nje kimya kimya. Ikiwa taifa tajiri limepatwa na hilo, mhazini wa kujitolea asionewe. Lakini naye asiiamini kompyuta bila kuipima.

KIPIMO KIMOJA

Kipimo chenyewe kinatosha mstari mmoja: salio la mwanzo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, ni lazima upate salio la mwisho lililoandikwa na benki. Fanyeni hivi kabla ya kazi nyingine yoyote.

Nitoe mfano wa darasani. Salio la mwanzo ni sh. 1,840,000. Yaliyoingia ni 2,315,000. Yaliyotoka ni 1,905,000. Salio la mwisho ni 2,250,000. Sasa lahajedwali lako linaonyesha 1,550,000. Tofauti ni 700,000. Igawe kwa mbili upate 350,000, kisha utafute muamala wa kiasi hicho. Huenda umewekwa upande usio wake, ulioingia ukahesabiwa umetoka.

Kama uliandika kwa mkono na tofauti inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mtu aliandika 36,000 badala ya 63,000. Tofauti ni 27,000. Ujanja huu wa wahasibu ni wa zamani kuliko kompyuta, na bado unafanya kazi.

Hapo pia ndipo wengi wanapochanganyikiwa na pande mbili za taarifa. Benki huandika kwa mtazamo wake. Fedha zako zilizoko kwake ni deni lake kwako, kwa hiyo ukiweka fedha, benki huandika “Cr”, wakati katika leja yako ya benki ni “Dr”. Programu za uhasibu nazo zina masharti yake. QuickBooks ya mtandaoni, kwa mfano, hupokea CSV yenye safu tatu, yaani tarehe, maelezo na kiasi. Au safu nne, ambapo yaliyoingia na yaliyotoka hutenganishwa. Ondoeni nembo, anwani na mistari ya juu katika nakala ya kazi, si katika faili la asili.

Msisahau makato. Tangu Julai 2016 ada za huduma za benki hutozwa VAT, hivyo malipo mamoja yanaweza kuzaa mistari mitatu: malipo yenyewe, ada, na kodi ya ada. Msiifute mistari midogo kwa kuona inawasumbua. Ukiifuta, salio halitakubali.

SIRI ZA WATU

Ziko tovuti zinazogeuza PDF kuwa Excel bure. Kabla ya kuzitumia, jiulizeni mnampa nani faili hilo. Ndani yake kuna majina ya watoaji, pengine na namba zao za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai tuzilinde. Mama aliyetoa sadaka yake Goziba hakukubali jina lake lisafiri hadi kwa mtu asiyejulikana. Vilevile msimpe kijana wa kompyuta neno la siri la benki eti awasaidie kupakua. Ulizeni benki kama inaweza kumwandikisha mtu wa kutazama tu, asiyeweza kuhamisha fedha.

TUNACHOKIOMBA

Kwa kamati, naomba mambo manne. Pakueni taarifa kila mwezi, msisubiri robo iishe, kwa kuwa mtandao na hali ya ziwa havina ahadi. Faili la asili litunzwe mahali pawili, moja pasiwe kwa mhazini. Anayehamisha taarifa asiwe ndiye anayeipima. Mjumbe wa pili akokotoe salio, kwa kikokotoo cha simu inatosha, na wote wawili watie sahihi. Na tofauti ikionekana, iandikwe na itafutwe. Asiwepo mtu wa kuongeza mstari wa uongo ili hesabu zikubali. Tofauti iliyoandikwa wazi inaweza kuelezwa. Iliyofichwa ikigunduliwa, hakuna atakayeamini maelezo.

Kwa wafadhili wetu, nasema kwa heshima. Kila mmoja wenu ana jedwali lake lenye safu zake, na mhazini mmoja wa kujitolea anazijaza zote kutoka taarifa ile ile. Kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Mkikubali jedwali moja pamoja na taarifa ya benki kama ilivyotoka, makosa yatapungua. Ada za benki, bando la intaneti na nauli ya boti ni gharama halali za uwajibikaji. Tunaomba ziwe na mahali katika bajeti. Na taarifa ikichelewa, ulizeni kwanza kilichokwama kabla ya kuuliza aliyekula.

Kisiwani watu wanafahamiana. Mhazini akisemwa vibaya Jumapili, Jumatatu anakutana na waliomsema mwaloni. Hana pa kujificha, na jina lake likishachafuka halisafishwi na barua ya mkaguzi inayokuja mwaka unaofuata. Ndiyo maana nawasihi mpime salio kila mwezi, wawili wawili, na karatasi yenye sahihi mbili ibandikwe mahali ambapo kila mtoaji anaweza kuisoma.