Jicho Linalopona: Tuulize Nini Kuhusu Uangavu Wake?



Leo ninapenda kuzungumza nanyi juu ya huduma ambayo wengi wetu huilipia bila kujua tuulize nini, nayo ni uchunguzi wa jicho linalopona baada ya kuumia au kufanyiwa upasuaji. Mgonjwa husomeshwa herufi ukutani, akafikia mstari wa 6/6, akaambiwa kwamba jicho lake ni zima. Usiku huohuo, akiwa barabarani, taa za gari linalomkabili humtandia weupe hata asimwone mtembea kwa miguu. Je, mgonjwa huyo anazua? La hasha. Ubao wa herufi hupima jambo moja, naye anasumbuliwa na jambo jingine.

Sehemu ya mbele ya jicho, iliyo mfano wa kioo cha saa, huitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Imejengwa kwa nyuzi za kolajeni, kitu kilekile kinachojenga ngozi na kano. Lakini ngozi haionyeshi kilicho nyuma yake, ilhali konea huonyesha. Siri imo katika mpangilio. Nyuzi za konea zina unene wa takriban nanomita 30, zote zinalingana, nazo zimepangwa kwa nafasi zinazokaribia kuwa sawa. Hivyo nuru inayotawanywa na uzi mmoja hufutwa na ile ya jirani zake, ikabaki nuru inayosonga mbele. Mwanasayansi David Maurice alilieleza jambo hili mwaka 1957.

Mkwaruzo wa juujuu hupona kwa siku chache, na kwa kawaida hauachi kovu. Jeraha likizama zaidi, chembe hai za konea hugeuka na kuanza kuliziba. Hutengeneza nyuzi mpya zisizo na mpangilio ule wa awali, na chembe zenyewe hupoteza uangavu wake. Hapo ndipo ukungu huzaliwa. Baada ya upasuaji wa leza juu ya konea, ukungu huweza kuonekana katika wiki au miezi ya mwanzo, na mara nyingi hupungua kadiri mwaka unavyokwenda.

Ukungu huo hupimwaje? Njia ya kwanza, iliyo ya kawaida, ni darubini yenye mwale mwembamba wa taa. Daktari huutazama ukungu na kuupa daraja, mara nyingi kuanzia 0 hadi 4. Njia ya pili ni kamera maalumu inayopiga picha za tabaka za konea na kutoa alama. Katika baadhi ya mashine, 0 ni uangavu kamili na 100 ni weupe usiopitisha nuru. Njia ya tatu hupima nuru iliyotawanyika ndani ya jicho na kuangukia retina.

Tofauti yake ni kubwa. Njia mbili za kwanza hupima nuru inayorudi nyuma kwa mtazamaji. Njia ya tatu hupima nuru inayomsumbua mgonjwa mwenyewe. Kioo cha gari chenye mikwaruzo huonekana kizuri mchana; dereva huijua kasoro yake anapokutana na taa za usiku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwendapo kliniki, elezeni hali ya usiku na ya jua kali, hata kama herufi zote mmezisoma. Ombeni daraja la ukungu liandikwe pamoja na tarehe na aina ya chombo kilichotumika, kwa kuwa alama za mashine mbili tofauti hazilinganishwi kwa urahisi. Na mkishauriwa kulipia kipimo cha ziada, ulizeni: "Matokeo yake yatabadilisha nini katika matibabu yangu?" Swali hilo halimvunjii daktari heshima, nalo huokoa fedha.

Nimalizie kwa tahadhari mbili. Msinunue dawa ya matone yenye steroidi kwa kukisia. Daktari huweza kuitumia kupunguza ukungu, lakini bila uangalizi huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuzidisha maambukizi ya virusi au ya kuvu. Pili, doa jeupe linaloambatana na maumivu, wekundu au usaha lisidhaniwe kuwa ni kovu. Huenda ni kidonda kilichoingiwa na vijidudu. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwani konea iliyoachwa ikaharibika huenda isirudie tena uangavu wake.