Waziri Mkuu Asiye na Jeshi: Maisha na Kazi ya Agathe Uwilingiyimana wa Rwanda

Mada kwa ajili ya semina ya walimu wa historia na uraia wa shule za sekondari

1. Utangulizi



Madarasani mwetu Agathe Uwilingiyimana hutajwa kwa sentensi moja: waziri mkuu wa Rwanda aliyeuawa siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Sentensi hiyo ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba mwanafunzi anaondoka akijua namna alivyokufa, hajui alifanya nini alipokuwa hai.

Hoja yangu ni moja. Kiongozi apimwe kwa kuangalia zana alizokabidhiwa pamoja na cheo chake. Agathe alishika nyadhifa mbili kubwa. Katika ya kwanza, uwaziri wa elimu, alikuwa na zana, na alizitumia. Katika ya pili, uwaziri mkuu, alipewa kiti huku bunduki na redio zikibaki mikononi mwa watu wasiomtii. Tukizichanganya nyadhifa hizi mbili tutamhukumu vibaya, na tutawahukumu vibaya wanawake wengi waliopewa madaraka baada yake.

2. Mwalimu wa kemia

Agathe alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, katika mkoa wa Butare, kusini mwa Rwanda. Wazazi wake walikuwa wakulima Wahutu. Alisoma katika shule ya wasichana ya Notre Dame de Cîteaux mjini Kigali, akapata cheti cha ualimu, na akaanza kufundisha hisabati akiwa bado kijana. Aliolewa mwaka 1976, akajaliwa watoto watano. Baadaye alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare, akahitimu mwaka 1985, kisha akarudi darasani.

Mambo mawili ya kipindi hiki yanatuhusu sisi walimu. La kwanza, alifundisha masomo ya sayansi wakati ambapo wasichana wengi wa Rwanda hawakufika hata sekondari. La pili, mwaka 1986 alianzisha chama cha kuweka na kukopa miongoni mwa wafanyakazi wenzake wa shule. Hiyo ndiyo shule yake ya uongozi: vitabu vya hesabu, wanachama, marejesho ya mikopo. Mwaka 1989 alihamishiwa Wizara ya Biashara akiwa mkurugenzi.

3. Orodha ya waliochaguliwa

Mwaka 1992 Rais Juvénal Habyarimana, akibanwa na vita vya waasi wa RPF vilivyoanza Oktoba 1990 pamoja na vyama vipya vya siasa, alikubali kugawana serikali na upinzani. Agathe, aliyekuwa amejiunga na chama cha upinzani cha MDR, aliteuliwa Waziri wa Elimu.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu kila mwalimu anaijua siku ya kutangazwa majina ya waliochaguliwa kuingia sekondari. Nchini Rwanda orodha hiyo ilipitia mchujo ambao haukuhusu alama. Kulikuwa na sera ya uwiano iliyogawa nafasi kwa kabila na kwa mkoa. Mtoto wa Kitutsi aliyefaulu vizuri aliweza kuachwa kwa sababu fungu la kabila lake limejaa. Mtoto wa Kihutu wa kusini naye aliweza kuachwa, kwa kuwa mikoa ya kaskazini, alikotoka Rais, ilipendelewa. Kabila la mtu lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho chake, utaratibu uliorithiwa kutoka kwa Wabelgiji tangu miaka ya 1930.

Agathe aliufuta mchujo huo. Akaagiza nafasi za shule za serikali na ufadhili wa masomo vitolewe kwa matokeo ya mtihani. Hakuhitaji kikosi cha askari kulitekeleza hilo. Alihitaji saini, maofisa wa wizara na orodha mpya. Hii ndiyo maana ya kuwa na zana. Na kwa uamuzi huo alijipatia maadui ambao hawakumsahau, kwa sababu aligusa mahali ambapo utawala wa kikabila ulikuwa ukizaliwa upya kila mwaka: kwenye dawati la mtoto.

4. Julai 1993: wanawake wawili, nchi jirani

Tarehe 10 Julai 1993 Sylvie Kinigi, mchumi, akawa waziri mkuu wa Burundi chini ya Rais Melchior Ndadaye. Siku saba baadaye, tarehe 17, Agathe akawa waziri mkuu wa Rwanda. Wote wawili walizaliwa mwaka 1953. Mmoja Mtutsi, mwingine Mhutu. Kwa jicho la mbali mtu angesema Maziwa Makuu yameamka.

Kwa karibu picha ilikuwa tofauti. Agathe aliteuliwa wakati vyama vimevurugana na MDR yenyewe imepasuka. Uteuzi wake ulimkera hata sehemu ya chama chake. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, na chini yake waziri mkuu wa serikali mpya ya mpito alipangwa kuwa Faustin Twagiramungu. Serikali hiyo iliahirishwa mara kwa mara, na Agathe akabaki kushikilia ofisi ya mpito kwa miezi minane. Jeshi na Walinzi wa Rais hawakuwa chini yake. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwezi uleule alioteuliwa, ilikuwa mali ya wapinzani wa amani. Gazeti la Kangura lilimchora katika vibonzo vya matusi. Mwanamume aliyechukiwa na gazeti hilo aliitwa msaliti; mwanamke aliitwa msaliti na, juu ya hayo, akachorwa uchi.

Kwa Kinigi mambo yaliharibika mapema zaidi. Oktoba 21, 1993 wanajeshi walimuua Rais Ndadaye. Kinigi alikimbilia ubalozi wa Ufaransa, na kwa kuwa viongozi wa juu wa Bunge nao waliuawa, yeye ndiye aliyebaki kuiongoza nchi hadi Cyprien Ntaryamira alipoapishwa Februari 1994.

5. Usiku wa Aprili 6

Tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa Dar es Salaam kwa mkutano wa viongozi wa kanda. Jioni alirejea pamoja na Ntaryamira. Ndege ilitunguliwa ilipokaribia kutua Kigali, na marais wote wawili wakafa.

Usiku huohuo Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliwaambia maofisa wa jeshi kwamba mamlaka halali sasa ni ya Waziri Mkuu. Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi alikataa katakata. Mpango wa Dallaire ukawa kumsindikiza Agathe hadi Radio Rwanda alfajiri azungumze na wananchi. Angalieni alichokuwa akikihitaji: kipaza sauti. Askari kumi wa Kibelgiji walitumwa nyumbani kwake, ambako palikuwa na walinzi watano wa Kighana. Walinzi wa Rais wakaizingira nyumba, wakawanyang'anya silaha askari hao, wakawapeleka kambi ya Kigali. Wabelgiji kumi waliuawa huko.

Agathe alikimbilia kwenye makazi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa yaliyokuwa karibu. Asubuhi ya Aprili 7 alipatikana, akauawa kwa risasi. Mume wake pia aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 40. Watoto wao hawakuonekana, na walitoroshwa na Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha, ambaye naye aliuawa kwa kombora Mei 31.

Kifo cha Wabelgiji kiliifanya Ubelgiji iondoe askari wake. Aprili 21 Baraza la Usalama likapunguza kikosi hadi watu wapatao 270.

6. Aliyekalia kiti chake

Aprili 9 aliapishwa waziri mkuu mwingine, Jean Kambanda. Alitoka chama kilekile, MDR, na mkoa uleule, Butare. Tofauti ni kwamba jeshi na redio vilikuwa upande wake. Mwaka 1998, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, alikiri kosa la mauaji ya kimbari na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Bagosora alitiwa hatiani Desemba 2008 kwa makosa yakiwemo mauaji ya Agathe. Mwaka 2011 rufaa ikapunguza kifungo chake cha maisha kuwa miaka 35.

Rwanda imemweka Agathe katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

7. Hitimisho na maswali ya mjadala

Napendekeza tufundishe somo hili kwa kuwaweka Agathe na Kambanda kwenye ukurasa mmoja. Kiti ni kimoja, chama ni kimoja. Mwanafunzi aulizwe kila mmoja alikuwa na nini mkononi, na alikitumia kwa ajili ya nani. Hapo ataona kwamba uwaziri wa elimu, cheo kidogo, ulimwezesha Agathe kubadili maisha ya watoto ambao hakuwafahamu, ilhali uwaziri mkuu haukumpa hata dakika tano kwenye Radio Rwanda alfajiri ile ya Aprili 7.

Kwa makundi:

(a) Mwanamke anapoteuliwa kuongoza serikali katikati ya mgogoro, ni nani anabaki na jeshi, fedha na vyombo vya habari?

(b) Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Linganisheni mamlaka ya cheo chake na ya Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, ambaye kikatiba ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

(c) Katika shule zetu, ni mchujo gani uliobaki usiohusu alama za mtoto, na nani ana kalamu ya kuufuta?